Tamaa Tunaionea: Wizi Mwingi Huanza kwa Hoja

Kuna utapeli wa simu ambao karibu kila mwenye laini Tanzania ameukuta au amesimuliwa. Unaingia ujumbe uliotengenezwa ufanane na ule wa mtandao wa fedha: umepokea shilingi 150,000, jina la mtumaji, namba ya muamala, salio jipya. Dakika haijaisha, simu inaita. Sauti inahema. "Shikamoo mama, samahani sana, nimekosea tarakimu moja ya mwisho. Hiyo hela ni ya dawa, mgonjwa wangu yuko wodini. Nakuomba unirudishie mama yangu, ya kutolea kata humo humo." Mama haangalii salio. Anafungua menyu, anaandika namba aliyotajiwa, anaweka namba ya siri, anatuma. Iliyoondoka ni hela yake mwenyewe, kwa sababu hakuna iliyoingia.

Watu wakisikia humwita mjinga. Mimi naona mama huyu anatufundisha jambo zito kuhusu maumbile ya binadamu, na tapeli aliyempigia amelielewa kuliko wengi wetu. Utapeli huu usingemlisha mtu hata siku moja kama binadamu angekuwa mroho kwa asili. Mroho akiambiwa ameingiziwa laki na nusu isiyo yake, angezima simu akakimbilia kwa wakala. Tapeli anajua kwamba walio wengi hawafanyi hivyo. Anajua pia kwamba ni lazima aharakishe, maana akimpa mama nusu saa atatazama salio, atamuuliza mwanawe, atashtuka. Mtaji wote wa kazi yake ni dhana moja: mtu asiye na muda wa kufikiri, akisikia sauti ya mwenye shida, atarudisha.

Dhana hiyo inapingana na karibu kila tulichofundishwa. Picha tuliyolelewa nayo, msikitini, kanisani na darasani, ni ya binadamu mwenye mnyama ndani yake. Nafsi inaamrisha maovu, mwili unataka, tamaa inavuta. Juu yake amewekwa mlinzi anayeitwa akili. Mtu akiiba, tunasema tamaa imemshinda akili. Hotuba za kupinga rushwa zimejengwa hapo: viongozi wadhibiti tamaa zao, vijana wasitawaliwe na tamaa, watumishi watumie busara. Sisemi tamaa haipo. Nasema tumeitwisha mzigo ambao sehemu kubwa si wake, na huku tukimwamini mlinzi ambaye mara nyingi ndiye aliyefungua mlango.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi 40, Kenya ikiwa mojawapo. Watafiti waliingia benki, hotelini, posta, vituo vya polisi na kwenye majumba ya makumbusho wakiwa na pochi ndogo ya plastiki inayoonyesha vilivyomo. Wakamkabidhi mtu wa mapokezi: nimeiokota hapo nje, nina haraka, tafadhali mtafute mwenyewe. Ndani kulikuwa na kadi za jina na barua pepe, orodha ya vitu vya kununua dukani iliyoandikwa kwa mkono, na ufunguo. Nyingine zilikuwa na fedha za nchi ile zenye thamani ya dola 13 na senti, nyingine hazikuwa na kitu. Pochi zaidi ya 17,000 ziligawiwa hivyo. Wataalamu wa uchumi walipoulizwa matokeo yatakuwaje, hawakutarajia kwamba fedha zingeongeza uaminifu, na watu wa kawaida walitabiri kwamba kadiri fedha zinavyoongezeka, ndivyo wanaorudisha watakavyopungua. Ikawa kinyume. Pochi tupu ziliripotiwa kwa asilimia 40, zenye fedha asilimia 51. Marekani, Uingereza na Poland walipoweka dola 94, walioripoti walifika asilimia 72.

Kinachonigusa zaidi katika kazi ile ni ufunguo. Ufunguo wa mtu mwingine haumfai kitu anayeuokota. Una faida kwa mwenye mlango wake tu. Watafiti walijaribu pochi zenye ufunguo na zisizo nao, na zile zenye ufunguo ziliripotiwa zaidi. Maana yake mtu wa mapokezi hakuwa akiogopa kuitwa mwizi peke yake. Alimwona mtu amesimama nje ya nyumba yake jioni, anajipapasa mifuko. Ule mwandiko wa mkono kwenye orodha ya sokoni na kile kipande cha chuma vilimpa mwenye mali sura, na sura ikafanya kazi ambayo hakuna hotuba ingeifanya.

Sasa mwondoe yule mtu mwenye sura, uone kinachobaki. Watafiti wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Nottingham, Simon Gächter na Jonathan Schulz, walichapisha mwaka 2016 jaribio lililofanyika katika nchi 23, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kijana, mara nyingi mwanafunzi wa chuo, anapewa dadu ndani ya kikombe. Arushe mara mbili, ataje namba aliyoipata mara ya kwanza. Moja inalipwa kidogo, mbili zaidi, hivyo hivyo hadi tano. Sita hailipwi kitu. Hakuna anayemwona. Fedha anazolipwa ni za mradi, za chuo fulani, za mtu asiyemjua na ambaye hatakosa chakula kwa ajili hiyo.

Kama watu wangekuwa wanyama wa tamaa, wangetaja tano wote. Hawakutaja. Kama wangekuwa malaika, wastani ungekuwa mbili na nusu. Haukuwa. Walipokusanya majibu, yalielemea upande wa mtu anayefanya kitu kimoja mahususi: anarusha mara mbili, kisha anataja ile kubwa kati ya mbili. Tuseme ya kwanza imetoka moja, ya pili nne. Anataja nne. Nne aliiona kwa macho yake, si ya kubuni. "Ningeanza na ile ya pili si ingekuwa nne?" Hapo hakuna mnyama aliyefungua kamba. Kuna mtu mwenye akili timamu, anayetaka kujiona mwaminifu na anayetaka hela pia, na akili yake imemtafutia njia ya kupata vyote viwili. Akili hapa imefanya kazi ya wakili wa kukodi: mteja ameshaamua anachotaka, yeye anatafuta kifungu. Waliotaja namba za juu zaidi walitoka kwenye nchi ambako rushwa na kukwepa kodi vimezoeleka, na watafiti wale walisema mazingira hayo ndiyo yanayowafundisha watu ni kifungu kipi kinakubalika. Vijana waliocheza walikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Hawakuitengeneza hali ya nchi zao, waliikuta.

Wapo waliokwenda hadi ndani ya ubongo. Mwaka 2009 Joshua Greene na Joseph Paxton wa Harvard waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa mchezo wa kubashiri sarafu itaangukia upande gani, wenye nafasi ya kudanganya na kulipwa. Picha ya zamani ingetufanya tutegemee kuona watu waaminifu wakipambana, sehemu za ubongo zinazohusika na kujizuia zikifanya kazi kwa nguvu. Haikuonekana. Waaminifu walisema kweli bila kutoa jasho. Mapambano yalionekana kwa wale waliokuwa wakidanganya, hata katika zile mara chache walipojizuia. Mwaka 2020 watafiti wa Rotterdam wakaongeza jambo ambalo naliona la maana kuliko yote: uwezo wa kujitawala, ule tunaouita akili kushika usukani, humsaidia mdanganyifu kusema kweli mara moja moja, na humsaidia mwaminifu kudanganya mara moja moja. Kumbe akili haina upande wake. Inampeleka mtu nje ya mazoea yake, yawe mema au mabaya.

Nani hajaliona hili mtaani kwetu? Tulifika mahali tukaliandika kwenye sheria. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi ya 1985, likaingiza vifungu vilivyosema kwamba kitu kinachotolewa na mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi, kisihesabiwe kuwa hongo. Ndiyo ikaja takrima. Chaguzi mbili, wa 2000 na wa 2005, ziliendeshwa chini yake. Hoja zilizoitetea hazikuwa za kijinga, na ni haki kuzisikiliza. Mwafrika hapokei wageni mikono mitupu. Mwananchi aliyetembea kilomita kadhaa kuja kusikiliza sera, utamwachaje arudi bila hata maji ya kunywa? Je, mgombea asipike pilau kwenye msiba wa jirani yake eti kwa sababu ni mwaka wa uchaguzi? Kila hoja, ukiichukua moja moja, ina ukweli wake. Ukiziweka pamoja, zinampa mwenye fedha ruhusa ya kisheria ya kununua kura kwa kanga, fulana na sukari.

Mimi sidhani waliopitisha vifungu vile walikaa wakasema, tuhalalishe rushwa. Ingekuwa hivyo tungewaogopa na jambo lingeisha. Nadhani wengi wao waliamini walichosema. Walitoka mjadalani wakiwa na moyo mweupe, na hapo ndipo hatari ilipo. Tamaa tupu ina aibu. Hujificha, hutazama nyuma. Tamaa iliyopewa hoja nzuri husimama jukwaani mchana kweupe na kupigiwa makofi.

Iliwachukua wengine kuiangusha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na LEAT na NOLA, mashirika mengine ya wanasheria, walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema vifungu vile vinakiuka Katiba. Sababu kubwa ilikuwa usawa: mgombea maskini na mgombea tajiri hawawezi kuwa sawa mbele ya sheria inayoruhusu takrima, na mpiga kura naye hachagui kwa uhuru. Tena hakuna aliyeweza kuonyesha mahali ukarimu unapoishia na hongo inapoanzia. Angalia tofauti ya vikao viwili. Bungeni, waliotoa hoja walikuwa wagombea wa jana na wa kesho, wote wakifaidika. Mahakamani, aliyeumizwa naye alipata kiti. Akili ni ile ile, Kiswahili na Kiingereza ni kile kile, nchi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwepo chumbani akisikiliza na kujibu.

Hapa msomaji anaweza kudhani nataka tuachane na akili tufuate silika. La. Ziko siku silika imeizidi falsafa, hilo sitalificha. Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba kusema uongo ni kosa hata pale muuaji anapokuja mlangoni kuuliza kama rafiki yako amejificha ndani. Hoja yake imepangwa kwa ustadi, na imesumbua vichwa vya wasomi hadi leo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, katika kijiji cha Musamo, Ruhango, muuaji alikuja mlangoni kweli. Zura Karuhimbi, mwanamke mwenye umri mkubwa, mganga wa mitishamba, alikuwa ameficha zaidi ya watu mia moja katika nyumba yake. Alijipaka majani yanayowasha, akayapaka na kwenye nyumba, kila mwanamgambo aliyemgusa akawashwa. Akatikisa bangili zake akiwaambia kwamba wakiingia watamwamsha Nyabingi, roho iliyoogopwa, na kujichimbia makaburi yao wenyewe. Ulikuwa uongo kutoka mwanzo hadi mwisho. Rwanda ilimpa nishani mwaka 2006, naye akafariki Desemba 2018. Mimi simwiti mwongo mama yule, na sidhani kwamba yuko mtu mwenye utu atakayemwita hivyo. Alikuwa mwaminifu kwa watu waliokuwa chini ya kitanda chake, kwa namna ambayo kanuni ya Kant haikuwa na nafasi nayo.

Lakini mlango ule ule unatuonyesha upungufu wa silika. Waliokuja na mapanga nao walikuwa waaminifu kwa watu fulani. Walikuwa na "wetu" wao, wakiulizana nani ametoroka zamu, nani amewasaliti wenzake. Uaminifu wa silika ni kwa anayeonekana na anayehesabiwa kuwa wetu. Nje ya duara hilo hauoni mtu. Hili ndilo linalotusumbua Afrika Mashariki kila siku, kwa namna isiyomwaga damu lakini inayoua polepole.

Msomi wa Nijeria, Peter Ekeh, aliliandika mwaka 1975 katika makala ambayo ingefaa isomwe na kila mtumishi wa umma. Alisema Mwafrika aliyetoka ukoloni anaishi katika jamii mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya ndugu, kabila, kijiji. Humo ana wajibu, ana aibu, anatoa bila kuhesabu. Nyingine ni ya serikali, aliyoikuta imejengwa na mkoloni. Humo anachukua bila kuona kwamba amemchukulia mtu. Na mara nyingi anachukua kule ili atoe huku.

Mchukue afisa mmoja wa ajira, wa wilaya yoyote. Mezani ana maombi 300 ya nafasi nne. Kwenye simu ana dada yake. "Kaka, huyu mtoto umemlea mwenyewe. Ada ya chuo ulichangia. Sasa utamwacha akae nyumbani, watu watatuelewaje?" Wale 300 ni karatasi. Mpwa ana sura, ana jina la babu yao, alimtuma maji akiwa mdogo. Afisa huyu akimpitisha mpwa wake, tutasema ameshindwa na tamaa. Tamaa ipi? Hapati hata senti. Ameshindwa na wema. Amekuwa mwaminifu kwa amana ya dada yake, na kwa uaminifu huo amemwibia binti mmoja wa kijiji cha mbali, aliyefaulu kuliko mpwa, ambaye hatajua kamwe kwa nini hakuitwa. Kisha akili inakuja kumaliza kazi: vigezo vinasomwa upya, "uzoefu" unapewa alama zaidi, kikao kinaandikwa muhtasari safi.

Mwaka 2019 pia, Nils Köbis na wenzake walipitia tafiti nyingi za aina hii kwa pamoja wakitafuta jibu la swali la zamani: binadamu akiachwa afuate silika, ni mkweli au mwongo? Walichokuta ni kwamba inategemea anayeumia. Akiwa mtu hasa, mwenye sura, silika haikuonekana kuongeza udanganyifu. Akiwa wa kufikirika tu, mradi, taasisi, umma, silika huelekea kwenye kudanganya. Linganisha na yule mama wa simu na yule afisa wa ajira. Wanaweza kuwa mtu mmoja. Wanaweza hata kuwa mtu mmoja katika siku moja: asubuhi anamrudishia tapeli hela kwa huruma, mchana anasaini fomu ya posho ya safari ambayo hakusafiri.

Kwa hiyo kazi ya kweli ya akili ni ipi? Silika haiwezi yenyewe kumwona binti wa kijiji cha mbali. Akili inaweza. Inaweza kuhesabu, kukumbuka, kumwazia mtu asiyekuwepo, na ikapanga mambo mapema ili siku ya jaribu mtu huyo awepo chumbani. Tatizo ni saa tunayoiita kazini. Tunaiita dakika ambayo hela iko mezani na dada yuko kwenye simu, na kwa wakati huo imeshakodiwa. Inatakiwa iwe imefanya kazi yake mwezi uliopita, mbele ya watu wengine, wakati hakuna anayejua nani atafaidika.

Nasisitiza mbele ya watu wengine, kwa sababu elimu peke yake haimlindi mtu. Mwaka 2012 jarida kubwa la sayansi la Marekani lilichapisha utafiti uliosema kwamba mtu akisaini tamko la ukweli juu ya fomu, kabla ya kuijaza, atadanganya kidogo kuliko akisaini chini. Ulisifiwa dunia nzima. Mwaka 2021 ikagundulika kwamba takwimu zake za kampuni ya bima zilikuwa za kutungwa, na jarida likaufuta. Utafiti kuhusu uaminifu, wenye majina makubwa ya wataalamu wa uaminifu, ulijengwa juu ya namba za uongo. Kilichouokoa ukweli ni kwamba jedwali la takwimu lilikuwa limewekwa wazi mwaka uliotangulia, na watu wasio na maslahi nalo wakakaa kulichunguza mstari kwa mstari. Hugo Mercier na Dan Sperber walishasema mwaka 2011 kwamba akili ya binadamu imeumbwa kwa ajili ya kubishana, kwamba mtu akifikiri peke yake hujikubalia haraka mno na akibishana na wenzake hukaribia ukweli. Sijui maelezo mengine yanayoifaa zaidi hadithi ya takrima.

Wanawake wa vikoba hawakuhitaji kusoma lolote kati ya hayo. Kaa siku moja kwenye mkutano wao, chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha mmoja wao. Sanduku la bati lina kufuli tatu. Funguo zimekaa kwa wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Likifunguliwa, hela zinamwagwa katikati, wawili wanahesabu kwa sauti, jumla inatajwa, na wote wanaulizwa kama ndiyo ile ile waliyoiacha wiki iliyopita. Kila mwanachama anaitwa kwa namba, anatoa hisa zake mbele ya wenzake, kitabu chake kinagongwa mihuri. Mfuko wa jamii unahesabiwa mbali. Aliyekopa anasimama kusema lini atalipa.

Mgeni anaweza kudhani ni watu wasioaminiana. Mimi naona watu walioielewa tabia ya binadamu vizuri kuliko wizara nyingi. Wamehakikisha kwamba hakuna hela ya "umma" ndani ya lile sanduku. Iko hela ya mama Asha ya kumaliza paa, iko ya bibi anayeuza vitumbua, iko ya yule aliyefiwa mwezi uliopita. Wote wamekaa hapo, uso kwa uso, na mtunza hazina akinyanyua macho anawaona. Zile kufuli ni akili iliyotangulia, iliyopangwa siku kikundi kinaanzishwa, kabla hata shilingi moja haijaingia. Siku ya mkutano hakuna anayelazimika kupigana na nafsi yake.

Linganisha na hospitali au halmashauri ambako matumizi ya mamilioni yanajulikana na watu watatu na ripoti inakuja kusomwa baada ya mwaka, kwa lugha ambayo mgonjwa hawezi kuisoma. Pale tumemwacha mtu mbele ya dadu ndani ya kikombe, kisha tunamhubiria kuhusu tamaa. Ningependa kuona ubao nje ya kila zahanati wenye idadi ya dawa zilizopokelewa wiki hii kwa majina yake, kwa Kiswahili, na jina la aliyezipokea. Ziko zahanati zinazofanya hivyo kwa juhudi za mganga mmoja mwenye moyo. Akihamishwa, ubao unafutika. Iwe kanuni.

Limebaki jambo la watoto, na hili linaniuma kuliko mengine. Kang Lee wa Toronto na Victoria Talwar wamechunguza uongo wa watoto kwa miaka mingi kwa mchezo mmoja mwepesi: mtoto anaambiwa asigeuke kutazama mwanasesere, mtu mzima anatoka, anarudi na kuuliza, ulitazama? Karibu wote hutazama. Kuanzia miaka mitatu au minne wengi hukana. Kukana huko ni dalili kwamba akili inakua, mtoto ameanza kuelewa kwamba kichwa cha mwenzake hakijui anachokijua yeye. Mzazi asiogope. Lakini mwaka 2011 walichapisha matokeo kutoka shule mbili za Afrika Magharibi, watoto wa miaka mitatu na minne, familia za hali inayolingana. Shule moja ilitumia fimbo na makofi, nyingine iliwaonya kwa maneno. Katika shule ya fimbo, karibu wote waliotazama walidanganya, na walidanganya kwa ustadi: walipoulizwa wanadhani ni mwanasesere gani, walijua kujifanya hawajui. Kule kwingine waliodanganya walikuwa wachache zaidi, na uongo wao ulikuwa mwepesi kuuvua.

Fimbo ilifanya nini? Ilichukua akili changa, ambayo ingeweza kupewa kazi nyingine, ikaiajiri kujificha. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado tunazo kanuni zinazoviruhusu, vinne kwa kosa, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Na kila aliyesoma hapa anajua jinsi idadi hiyo na idhini hiyo vinavyofuatwa. Nawasikia wanaosema samaki mkunje angali mbichi. Nakubali. Ndiyo maana nauliza tunamkunja kuelekea wapi.

Shule hizo hizo zina klabu za wapinga rushwa, zilizoanzishwa kwa msaada wa TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Mtoto anasimama paredi akiimba kwamba rushwa ni adui wa haki. Wiki hiyo hiyo dirisha la darasa linavunjika, mwalimu anauliza nani, na mtoto aliyenyoosha mkono na kusema ni mimi, anapigwa mbele ya wenzake arobaini walionyamaza. Wale arobaini wamejifunza zaidi asubuhi ile kuliko katika nyimbo zote za mwaka. Baada ya miaka ishirini mmoja wao atakuwa kwenye meza ya yule afisa wa ajira, mwingine atakuwa mkaguzi anayekuja kumuuliza maswali. Kanuni za viboko ziko mikononi mwa waziri wa elimu. Hazihitaji muswada wala fedha za wafadhili kufutwa.